Toroli la Wageni

Kwetu Subukia kochi jipya laweza kukaa na nailoni yake miaka mingi, watoto wakikaa sakafuni, likingoja wageni. Hilo nalielewa, ni kochi. Lakini meneja wetu Njuguna alifanya vivyo hivyo na toroli la kubebea mitungi ya maziwa, na damu yangu ingali inachemka.

Kituo chetu hupokea maziwa ya wakulima. Mtungi ukijaa unamshinda ndama kwa uzito, na mimi na mwenzangu Chepchumba tuliibeba mitungi hiyo kutoka langoni hadi kwenye mzani asubuhi nzima. Ofisi kuu ya Nakuru ikaleta toroli ili migongo yetu ipone. Njuguna akalifungia stoo likiwa bado na nailoni yake, akatia ufunguo mfukoni.

"Mkiitumia mtaiharibu," alisema. "Wakaguzi wakikuja wataona nini?"

Badala ya toroli alitupa maombi. Kila asubuhi tulishikana mikono, naye akafumba macho akamsihi Mungu alinde viuno vyetu. Mtu mwenye ufunguo mfukoni! Nilisema amina nikiuma meno.

Chepchumba alifika mahali hawezi kuinama. Mtoto wake alijifunza kupanda kitini kwanza ndipo mama amtie mgongoni, na hata hapo alimbeba akiguna. Alimwendea meneja mbele yangu.

"Boss, si unifungulie tu hiyo stoo. Mgongo haina spea."

"Hiyo ni uvivu, Chepchumba. Vumilia tu, wakaguzi wanakuja Friday."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Alhamisi mtungi ulimwangusha Chepchumba. Nilisikia yowe lake, kisha nikaona maziwa yakitapakaa sakafuni. Hakuweza kusimama wala kuketi, na kwa matope ya uani gari la kumpeleka hospitali lingeishia langoni. Nilimshika Njuguna mbele ya wakulima wote, nikaingiza mkono mfukoni mwake, nikautoa ufunguo mwenyewe.

Nilifungua stoo, nikasaidiana na wakulima kumlaza Chepchumba juu ya toroli. Njuguna akaja mbio nyuma yetu, nami nikadhani anakuja kusaidia.

"Njoki! Pole pole, mtararua nailoni!"

Niliirarua yote, nikamtupia usoni. Kisha nikasukuma kuelekea langoni, kwenye kijia chetu cha saruji. Toroli likateleza kama halijabeba mtu, nikilisukuma kwa mkono mmoja. Chepchumba, akiwa amelala ubavu, alikuwa ameyakodolea macho yale magurudumu.

"Njoki," alisema, machozi yakimtoka, "kumbe ni rahisi hivi?"