Bomba Lisilotoa Maji

Hakuwa na gari. Hakuwa na meno ya mbele, wala subira ya kukaa sebuleni akifukuza nzi. Hakuwa pia na ruhusa ya mwenye ukuta, ila hilo hakuliona kuwa pengo. Mengine fundi bomba mstaafu alikuwa nayo, pamoja na binti aliyemfundisha mchezo wa kusaka vikopo: unaficha kikopo chenye karatasi, unatangaza mahali pake kwenye simu, wageni wanakitafuta, wanaandika majina yao, wanakirudisha.

Wengine huficha chini ya mawe. Yeye alichukua koki kuukuu, akaviringisha karatasi ndani yake, akaifunga kwenye ukuta wa nyuma wa duka la fundi cherehani, mjane mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Umemwomba mwenyewe?" binti aliuliza.

"Nimwombe nini? Mabomba ya ukuta ule nimeyafunga mimi!"

Wiki haikuisha, mjane akapiga simu. "Fundi, njoo. Lile bomba lako la nyuma halitoi hata tone."

Alikuta ndoo imekingwa chini ya koki yake.

"Nimezungusha mpaka kiganja kinawaka," mjane alisema. "Halafu kuna watu, fundi! Jana mmoja kapanda juu ya tofali, anapapasa ukuta wangu kama daktari. Nikamuuliza, akatoka mbio. Hawa si wezi?"

Fundi aliinua macho. Juu kidogo ya koki, waya wa umeme ulining'inia, umechubuka. Maisha yake yote alitazama mabomba. Nyaya zilikuwa kazi ya wengine. Mkono wa yule mgeni ulikuwa umebakiza shibiri tu kuugusa.

Akafungua koki, akatoa karatasi. "Mama, hili si bomba. Ni mchezo wangu. Nisamehe." Akaeleza yote, na ule waya akamwonyesha.

Mjane aliitazama ndoo yake. Kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Yaani nimekinga ndoo kwenye mchezo wa mzee mzima!"

"Basi niibakishe?"

"Ing'oe! Ukitaka kurudi, niombe kama watu wanavyoombana. Kwa maandishi. Nijue wanakuja saa ngapi, na nani atajibu mtu akivunjika mguu."

Jioni ile fundi aliandika kwa mwandiko alioupata shule ya usiku. Aliomba kona ya mbele, mbali na waya, mahali pa kufikika bila kupanda kitu. Wageni waje duka likiwa wazi, wamsalimie mwenyewe kwanza. Namba yake ya simu ingekuwa ndani ya koki, na siku mama akichoka, yeye fundi angeing'oa bila maneno.

"Baba, 'kwa hisani yako' umeandika mara nne."

"Adabu si chumvi, haizidi."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akapaka ile ya mabomba, isiyoachia hata yaje mafuriko.

"Ataifunguaje?"

"Mkasi anao."

"Na duka liko ng'ambo ya barabara, Baba. Nimpelekee?"

"Ombi rasmi halipelekwi kwa kandambili," alisema, akavaa viatu, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.