Kipimo cha Mwisho cha Kituo Namba Saba

Mkuu wa kitengo aliingia akitabasamu, tabasamu la mtu aliyepunguziwa kazi. "Hongera! Kituo namba saba, miezi kumi na moja mfululizo uchafu wa maji uko chini ya kikomo. Kesho ukileta kipimo cha kumi na mbili kikawa safi, tunakifuta kituo kwenye orodha. Huna haja ya kwenda kule tena."

Hongera! Nusura nimrushie kalamu. Mtu anakuvunja moyo, na bado anakupa mkono.

Kituo namba saba kiko mtoni, nyuma ya nyumba ya dada yangu. Mimi huichotea serikali maji, vituo kumi na vinne kila mwezi. Maabara inapima, na kiwanda kikimwaga uchafu kuliko sheria inavyoruhusu, kinapata barua. Kila fomu lazima isainiwe na mkazi wa pale, shahidi aliyeona maji yakichotwa. Kwa miaka sita shahidi wangu wa namba saba alikuwa dada. Alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akihesabu ninavyosuuza chupa kwa maji ya mto, mara tatu kama kanuni inavyotaka. "Hiyo ya pili umezuga, rudia," alikuwa akisema, na hata mkuu wangu hajawahi kunibana namna ile. Baada ya hapo chai jikoni kwake, na umbeya mpaka barafu kwenye kisanduku changu cha chupa ianze kuyeyuka.

Halafu chupa zangu zikakifunga kiwanda cha ngozi kilicho juu ya mto, na shemeji, mume wa dada, alikuwa msimamizi wa zamu pale. Mpimaji haruhusiwi kutoa siri ya majibu kabla ya barua. Sikuitoa. Dada aliisoma barua kwenye geti la kiwanda, pamoja na watu baki. "Ulikaa jikoni kwangu ukinywa chai, na ulikuwa unajua," aliniambia, akafunga mlango. Shemeji alikaa nyumbani miezi kumi, mpaka kiwanda kikachimba mabwawa ya kusafishia majitaka, kikafunguliwa kwa sharti la kupimwa mwaka mzima. Yeye alirudi kazini. Dada hakurudi kwangu.

Tangu hapo fomu anaisaini jirani yake, fundi cherehani. Dada nilimwona kwa pazia tu, lile la dirisha la jikoni, likitikisika kidogo kila nikishuka mtoni. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nilikuwa navaa blauzi nzuri kwenda kukanyaga matope kwa ajili ya pazia. Nilikuwa na hamu na dada yangu mpaka namkasirikia, hasira ikiisha hamu iko palepale.

Asubuhi ya kipimo cha mwisho nilisimama majini na mabuti yangu, nikawaza upumbavu. Chini kwenye tope bado imelala dawa ya kiwanda ya miaka ile. Ukilitibua, ukachota hapohapo, kipimo kitapita kikomo. Kipimo kimoja kibaya hakifungi kiwanda, nilijiambia. Ni onyo tu, na miezi kumi na mbili inaanza kuhesabiwa upya. Miezi kumi na mbili mingine ya pazia. Nikakanyaga tope kwa nguvu. Maji yakawa kahawia, nikazamisha chupa humohumo bila kuisuuza.

"We! We mtoto!"

Mlango wa jikoni ulijibamiza ukutani. Dada alikuwa anateremka mbio, pekupeku, mwiko mkononi.

"Nimekuona! Umetibua kwa makusudi! Na hujasuuza hata mara moja! Umeshakifunga kiwanda mara moja, hujatosheka? Shemeji yako amekukosea nini?"

Karibu miaka miwili, na hayo ndiyo maneno ya kwanza. Wallahi, niliyapenda yote. Nikalia kama mjinga katikati ya mto.

"Maji yakiwa safi wanafuta kituo," nikasema. "Sitakuwa na sababu ya kuja huku."

Mwiko ukashuka taratibu. "Ndiyo maana ukatibua?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu, nina mdogo mpumbavu." Alijifuta uso kwa mkono, akageuka pembeni kidogo, kisha akanigeukia tena. "Mwaga hayo. Toa chupa nyingine. Sogea kule juu ambako hujachafua."

Nilipanda hatua kumi, nikaelekea maji yanakotoka, nikasuuza chupa. Nyuma yangu nikasikia, "Moja." Nikasuuza tena. "Mbili. Hiyo umezuga, rudia." Nikarudia. "Tatu." Nikachota.

Fundi cherehani akatokea na kalamu yake sikioni, kama kila mwezi. "Rudi kwenye nguo zako," dada akamwambia. "Mwenyewe nipo." Akaichukua fomu na kalamu yangu, akaiweka juu ya kisanduku, akasaini polepole.

"Basi," nikasema. "Ndiyo ya mwisho hiyo."

"Wakifute kituo chao," akasema, akinirudishia kalamu. "Kwani nyumba yangu nayo imo kwenye hiyo orodha?"

Karibu miaka miwili nilikuwa nikipita hatua ishirini kutoka mlango wake, nikisubiri fomu inipe ruhusa ya kubisha.

"Nenda, barafu inayeyuka," akasema. "Jumamosi uje. Na hayo mabuti uyaache hukohuko ofisini."