Shangazi Ameitwa

Kaka yake alisema neno moja tu kwenye simu, "Njoo umwone mtoto wako," na Nabisubi akaelewa. Kwa Waganda, mambo ya mwili wa binti ni kazi ya shangazi. Alifunga kibanda chake cha kushonea nguo pale Masaka, akapanda gari la Lwengo, na njia nzima roho ilikuwa juu juu.

Wifi yake, Nakiyaga, alikuwa jikoni akimenya matoke, macho yamemvimba.

"Wifi, mtoto hali chakula. Mchuzi wa karanga anausukuma kando. Na vitambaa vyake vya mwezi sijaviona kwenye kamba tangu shule zifunguliwe." Akashusha sauti. "Baba yake anaona amekonda tu. Akijua hili, atatufukuza wote wawili."

Nabisubi alimwita msichana, wakaenda migombani.

Nakalema, binti wa miaka kumi na tatu, alipiga magoti kumwamkia. Mabega yamechongoka kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Inuka, mwanangu. Ni nani?"

Machozi yakamtoka. "Ssenabulya. Wa darasani kwetu."

"Alikufanya nini?"

"Mvua ilinyesha tukitoka shule. Akanivalisha sweta yake."

"Halafu?"

"Nikafika nayo nyumbani."

"Halafu?"

"Basi, Shangazi. Ilikuwa bado na joto lake. Wasichana wakubwa wanasema ukishavunja ungo, joto la mvulana likikuingia tumboni umekwisha. Na kweli, mwezi uliofuata sikuona kitu. Ndiyo maana sili. Nataka huyu wa tumboni asikue."

Nabisubi alimshika kidevu. "Nitazame. Hakuna aliyekugusa? Si yeye, si mtu mzima yeyote?"

"Hakuna."

Nabisubi akakaa kitako kwenye majani makavu ya migomba, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akauona uso wa mtoto, akakatiza kicheko.

"Nisamehe. Sikucheki wewe. Nilikuja na jiwe kifuani, limeanguka. Huna mimba, mwanangu. Sweta haizai."

Akamweleza yote bila kuzungukazunguka: yai linatoka wapi, damu inatoka wapi, mimba inaingiaje na haiingii vipi. "Mwili wako ni kama mwanafunzi wangu wa cherehani. Mwanzoni anashona, anaruka, anashona tena. Kukosa mwezi bado ni kawaida. Na ukijinyima chakula, damu ya mwezi inazidi kukosekana. Na mtu akitaka kukugusa usivyopenda, hata awe nani, unakimbilia kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia." Nakalema akafuta kamasi kwa kiganja. "Na kukalia kiti alichokalia?"

"Kiti nacho hakizai."

Kicheko kilisikika nyuma ya mgomba. Nakiyaga alikuwa amesimama pale, kisu cha kumenyea bado mkononi.

"Wewe unasikiliza mambo yasiyokuhusu!" Nabisubi akamkemea.

"Yananihusu. Mimi nilikuwa naruka miezi hivyo hivyo, na hakuna aliyeniambia. Nilijua nimerogwa." Akajongea, akaketi majanini. "Hebu rudia ile ya yai."

Nabisubi akarudia. Alipofika katikati, Nakalema alimvuta mama yake kitenge.

"Mama, yale matoke yameiva?"

"Hata motoni sijayaweka!" Nakiyaga akaruka, akakimbilia jikoni huku analia na kucheka.