Kigae cha Abundio

Kwetu kijijini Dolores, jina la aliye hai huandikwa kwenye fuvu lililofinyangwa kwa sukari. Unampa mwenyewe, mnacheka, analitafuna likaisha. Jina kwenye kigae cha udongo ni la marehemu tu, maana kilichopita motoni hakirudi kuwa udongo.

Mwanangu Abundio alikwenda kaskazini kutafuta kazi, na tangu Kwaresima simu yake haipokelewi. Siku za Wafu, ambapo marehemu wetu hurudi nyumbani kula, zilipokaribia, mkewe Nicanora alikuwa akinisagia pilipili, kazi aliyoichukua bila kuombwa tangu mikono yangu ianze kuuma.

"Mama, mwaka huu tumchoree kigae chake."

"Mumeo hajafa."

"Na kama amekufa? Wafu wenzake waingie kula, yeye abaki mlangoni?"

"Mwandikie fuvu la sukari. Akirudi alile, akucheke."

Aliendelea kusaga.

Kumbe alichora. Asubuhi ya sikukuu tulifungua tanuri. Vigae vya mume wangu na dada zangu vilikuwa vimepasuka vyote. Kimoja tu kilitoka kizima: fuvu lenye kofia, maua ya manjano pembeni, na jina la mwanangu kwa buluu. Hata pengo la jino lake la mbele hakulisahau. Ni mkono wa mtu anayependa.

Nikachukua nyundo.

"Vunja, Mama," Nicanora akasema polepole. "Kama yu hai, umemwokoa. Kama amekufa, umemfungia mlango."

Mkono ukaniganda hewani. Ndipo jirani yetu Remigia akaingia, amelowa, amekumbatia mkate aliotuokea, kaufunika kwa shali yake mwenyewe.

"Mama Abundio, una siri wewe. Mwana anarudi, hata jirani huambii?"

"Mwana gani?"

"Kwani unao wangapi? Nimempita sasa hivi darajani, anakuja huku. Kakonda. Na maringo ya kaskazini hayo, nimemwamkia wala hakuitikia. Ila viatu vyake, safi kama vimetoka dukani. Na tope lote hili."

Nicanora alinitazama. Mvua haikuwa imekatika tangu jana.

Nikaiweka nyundo chini. Nikakibeba kigae kwa mikono miwili, kingali na joto, nikakisimamisha kwenye madhabahu ya wafu wetu pale nyumbani, kati ya mishumaa.

"Fungua mlango, mwanangu," nikamwambia Nicanora. "Na usimuulize kitu mpaka ale."