Selfu Moja Tu

Haijatengenezwa bado injini ya kumdanganya Saadi. Iwe ya petroli, iwe ya dizeli, ya pikipiki au ya trekta, yeye akiisikia tu ikipita barabarani, macho kafumba na mdomo umejaa muhogo, anakwambia inaumwa nini, ilifunguliwa lini, na fundi aliyeifunga alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Hayo si maneno ya watu. Ni ya Saadi mwenyewe, na pale kijijini Mkongo alikuwa ameyasema mara nyingi mpaka mbuzi wa jirani walikuwa wamekaribia kuyaamini.

Ukweli ni kwamba alimaliza kidato cha nne, akaenda Mbagala, akakaa gereji miezi kumi na moja. Kazi yake kubwa humo ilikuwa kuosha spana na kufuata chipsi za mafundi. Lakini alirudi nyumbani na ovaroli lenye mafuta mgongoni, na mtu mwenye mafuta mgongoni nani atamuuliza maswali?

Mwaka huu ufuta ulikubali. Dada yake mkubwa, Mwanamina, mwenye shamba, na kaka yake Abdulkarimu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, wakakata shauri la kununua gari la familia. Sababu ilikuwa moja, nayo ilikuwa imekaa pale pale barazani ikichagua mchele kwa ncha za vidole: mama yao, Bi Mwanahawa. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikwisha kuziba kabisa, la kulia lilibaki linaona mwanga na vivuli. Mwaka jana aliangushwa na bodaboda, na tangu siku hiyo pikipiki ikipita hata mbali yeye husogea ukutani. Sasa zilikuja habari kwamba madaktari wa macho watafika Kibiti kwa siku mbili, wanapasua bure, wakimaliza wanaelekea kusini.

"Petroli," alisema Abdulkarimu. "Petroli ipo kila kijiji, imewekwa kwenye chupa za maji kwa ajili ya bodaboda. Ukiishiwa dizeli kule Ngarambe utampigia nani?"

"Nitakupigia wewe. Si unayo mapipa kwenye mashine?" alijibu Saadi. "Kaka, gari la petroli ni la kupelekea bibi harusi. Masika yakija, barabara ikawa uji, utalibeba kichwani? Dizeli ndiyo mwanamume. Inakunywa kidogo, inavuta sana."

"Kinyume chako wewe," alisema Mwanamina, na mama yao akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Kibiti kulikuwa na muuzaji mmoja wa magari yaliyotumika, jina lake Hemedy, naye alikuwa na magari mawili yanayolingana na uwezo wao. Moja lilikuwa la petroli, dogo, safi, la usajili wa karibuni, namba D. La pili lilikuwa la dizeli, refu kwenda juu, la zamani, namba B. Saadi moyo wake ulikuwa kwa Namba B. Alishajiona amekaa juu kule, mkono mmoja dirishani, watu wa Ikwiriri wakiuliza yule nani.

Abdulkarimu hakubisha sana. Alimvuta mdogo wake pembeni.

"Sikiliza, Saadi. Mimi naamka na dizeli kila siku ya Mungu. Dizeli ikishapata moto, hata mgonjwa wa kufa anaimba. Ukitaka kuijua, isikilize ikiwa baridi, alfajiri, kabla mwenyewe hajaigusa. Ikiwaka kwa selfu moja, ufunguo ukigeuzwa mara moja tu, chukua. Ikikohoa, waachie, chukua ile ya petroli. Mimi mashine siwezi kuiacha, watu na magunia yao wamelala mlangoni. Nakuamini wewe."

Nakuamini wewe. Neno hilo Saadi hakuwahi kuambiwa na mtu tangu alipozaliwa. Alilichukua akatembea nalo kijiji kizima, akimweleza kila aliyesimama.

Akaenda Kibiti na mama yake kwa basi la alfajiri, maana mama naye alitakiwa akapimwe na kuandikishwa kabla madaktari hawajaja. Muuguzi akampa kadi: siku ya pili ya upasuaji, awepo saa mbili asubuhi, asiyekuwepo nafasi yake anapewa mwingine. Wakalala kwa shangazi Rukaya, ambaye ua wake umepakana na ua wa Hemedy. Ukikohoa huku, wanakupa pole kule. Mtu asingeweza kupangiwa kazi nyepesi zaidi ya hiyo: kuamka, kukaa, kusikiliza.

Saadi alichelewa kulala kwa sababu ya mpira kwenye simu. Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshaingia chumbani na kukaa kama mgeni. Saa mbili na robo. Aliruka, akavaa ovaroli, akakimbilia kwa Hemedy, na huko akalikuta Namba B linanguruma taratibu, limepata joto lake, linameremeta.

"Karibu, fundi!" alisema Hemedy. "Nimeona nikuwashie kabisa usisumbuke."

Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kujiokoa. Angeweza kusema: bwana, zima, nitarudi kesho alfajiri. Shangazi asingemfukuza, na mama yake asingelalamika kwa siku moja. Lakini Hemedy alishamwita fundi. Saadi akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa kama daktari, akasema, "Hili ni zima kabisa." Kisha akalizunguka, akapiga teke tairi moja, maana ndivyo alivyoona wanavyofanya Mbagala.

Simu kwa Mwanamina aliipiga akiwa uani kwa shangazi, mama yake kakaa mkekani anakunywa uji.

"Dada, kazi imekwisha. Alfajiri nilikuwa kule, kabla ya mtu yeyote. Baridi, boneti kama mtungi! Mwenyewe kaingia, kapiga selfu moja tu. Moja, dada! Vuuum! Hata jogoo kanyamaza."

"Una hakika?"

"Unauliza mimi?"

Mama yake aliweka kikombe chini. Mchana ule ule fedha zikalipwa, wakarudi Mkongo na Namba B, honi kuanzia njia panda.

Siku tatu zikapita kwa raha. Watoto walipakizwa, wazee walipakizwa, aliyekuwa anakwenda kisimani naye akapakizwa. Saadi si mtu wa kuamka mapema, kwa hiyo gari liliwashwa saa tano, saa sita, jua limekwisha kulikaanga. Siku ya pili lilikohoa mara mbili tatu kabla ya kushika. "Linasafisha koo," alisema, watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Siku moja kabla ya miadi Mwanamina akasema, "Mama akalale kwa shangazi leo, kesho aamkie hapo hapo."

"Watu wenye gari hawalali ugenini, dada," alisema Saadi. "Tutaondoka saa kumi na moja, saa moja na nusu tuko pale tunasubiri waoshe mikono."

Abdulkarimu akamtazama. "Litawaka?"

"Kaka! Selfu moja."

Asubuhi hiyo ya kipupwe kulikuwa na umande mpaka kwenye kioo. Mama yao alivaa kanga mpya, kadi kaifunga kwenye pindo. Walikuwa ndiyo kwanza wanatoka nyumbani, basi la alfajiri likapita, likasimama, kondakta akachungulia: "Bi Mwanahawa, si unakwenda Kibiti? Nafasi ya mbele ipo!"

"Nendeni tu, bwana," alisema Saadi, akipunga mkono kwa madaha. "Tutawapita Ikwiriri. Msitutimulie vumbi."

Basi likaenda. Saadi akapanda juu, akageuza ufunguo.

Ng'e, ng'e, ng'e, ng'e.

Akageuza tena. Ng'e, ng'e, ng'e, kisha moshi mweupe ukatoka nyuma mwembamba, kama wa jiko la mtu maskini, ukakatika. Akasubiri, akageuza. Moshi ukatoka tena. Mara ya kumi betri ikaanza kuchoka, sauti ikawa ya mtu anayeomba maji.

"Linasafisha koo?" aliuliza Mwanamina kutoka kiti cha nyuma. Safari hii hakuna aliyecheka.

Majirani wakaja na mate ya usingizi. Wakasukuma mpaka msikitini, wakarudisha, wakasukuma tena. "Fundi, gia!" "Fundi, achia!" "Fundi, hili umelinunua au umelizika?" Kila walipotamka fundi, Saadi aliona ovaroli linambana shingoni. Abdulkarimu alifungua boneti, akagusa huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Hita za kuipasha injini moto zimekufa zote. Na hazikufa leo."

Bodaboda mmoja akajitolea. Bi Mwanahawa aliusikia mlio wake unakaribia, akaushika mlango wa gari kwa mikono miwili. Mwanamina akamwambia yule kijana aende zake, asante.

Saa mbili na nusu, jua lilipolipata Namba B vizuri na watu kumi na wawili wakiwa nyuma yake, likashika. Likanguruma, likatulia, likaimba. Njia nzima halikukohoa hata mara moja. Lilivuta, lilikunywa kidogo, lilikuwa mwanamume kweli kweli, na ndani yake Mwanamina na Abdulkarimu, aliyeiacha mashine akapanda nao, walikuwa wakitazama saa kutoka Mkongo hadi lami, na kutoka lami hadi Kibiti.

Walifika saa nne na nusu. Muuguzi aliichukua kadi, akaitazama, akamtazama mama, akapunguza sauti.

"Mama alisubiriwa mpaka saa tatu. Nafasi tukampa mzee mmoja wa Chumbi aliyelala hapa nje tangu jana. Madaktari wako na wa mwisho sasa, wakitoka wanapanda gari."

"Watarudi lini?" aliuliza Mwanamina.

"Dada yangu, nisikudanganye. Mwaka huu sidhani."

Wakakaa kwenye benchi la saruji nje ya chumba cha upasuaji. Mlangoni alitolewa yule mzee, jicho limefungwa bandeji nyeupe, mjukuu kamshika mkono, anacheka peke yake kama aliyeokota kitu. Saadi aligeuza uso. Alikuwa na vichekesho vya bandeji vitatu vinne hivi, yeye huwa navyo siku zote, na badala yake akaanza kukwangua mafuta ya ovaroli kwa ukucha.

Abdulkarimu alikuwa amesimama mbele yake.

"Saadi, nakuuliza kitu kimoja. Siku ile, hili gari ulilisikia likiwa baridi?"

"Nililisikia, kaka."

"Alfajiri?"

"Alfajiri. Huenda yule bwana kafanya ujanja wake, siku hizi wana dawa wanatia…"

"Ulikuwepo lilipowashwa?"

Watu wawili watatu pale nje walishageuka kutazama. Saadi akainua kidole cha shahada juu, kama afanyavyo mtu wa kweli aliyesingiziwa.

"Haki ya—"

"Usiape, mwanangu," alisema Bi Mwanahawa.

Alisema bila ukali, uso kauelekeza kwenye mwanga wa uani. Mkono wake ulitafuta hewani, ukalipata goti la Saadi, ukatua hapo.

"Siku ile mimi nilikuwa barazani kwa wifi Rukaya, nimemaliza kuswali. Nikalisikia gari ng'ambo ya ua. Linakohoa vile vile kama leo, vile vile kabisa. Wakaja watu wakalisukuma, nikawasikia wanahesabu, moja, mbili, tatu. Mara nyingi sana. Na wewe nilikusikia ndani unakoroma, nikasema ngoja mtoto apumzike, kachoka na safari."

"Mama, kwa nini hukusema?" aliuliza Mwanamina, sauti imepasuka.

"Ningesemaje? Nilimsikia anakupigia simu. Anasema alikuwepo, anasema selfu moja. Na yeye ndiye fundi, ndiye mlimtuma. Nikajiambia, Mwanahawa, macho yamekwenda, na masikio nayo sasa yameanza. Unasikia mambo yasiyokuwepo. Nikanyamaza, nisiwaongezee mzigo mwingine juu ya huu." Akavuta pumzi, na uso wake wote ukalegea, ukafunguka, kwa furaha ya kweli isiyokuwa na kijembe hata chembe. "Siku zote hizi ndilo lililokuwa linaniogopesha, kuliko hata macho. Alhamdulillahi. Kumbe masikio yangu mazima."

Akalipapasa goti la mwanawe mara mbili, kama anayempongeza. Saadi alikuwa bado kidole kakiinua juu, mbele ya ndugu zake na wagonjwa wa watu, na hakujua akishushe vipi.