Hadithi za Mchana

Saa nne asubuhi, masika ya mwaka wa arobaini na tatu yakikaribia, Kache alikung'uta mkeka wake pale Kisauni, akaanza kuuhadithia uwanja mtupu. Ofisi ya afya ndiyo iliyomwajiri. Daktari wao alikuwa ameichunguza homa ya mbu, na aliyoyagundua yakatiwa hadithini ili watu wayaelewe: vifuu vya nazi visiachwe na maji. Ofisi ilifungwa saa kumi, basi na hadithi zikawa za mchana.

"Shoga, hadithi na jua lote hili?" Nyamvula, jirani yake, alicheka akipita na mtungi. "Utaota pembe weye! Mie sikai hapo, nina watoto."

Hakuna aliyekaa. Zamani, taa ikishawashwa, nyumba ya Kache ilijaa watu hadi mlangoni. Sasa alijihadithia na kujiitikia mwenyewe.

Ndipo marehemu walipokuja. Mwiko wa kuhadithia mchana hauwahusu wao. Walikaa kwa adabu, wote waliokufa kwa homa, na nyuma yao Kitsao, mumewe, aliyezikwa masika yaliyopita.

"Vifuu nilivifukia vyote," Kitsao alisema. "Lile shimo mbona hulitaji?"

Shimo lilichimbwa na wajenzi wa barabara ya kambi ya askari. Walichukua mawe, wakaenda zao. Kila masika lilijaa maji, mbu wakafuka humo kama moshi.

Kesho yake Kache alilitia hadithini. Bwana Afya, Elkana, alikuwa kaja kukagua. Aliutazama mkeka uliojaa, akaridhika.

"Watu wamehudhuria vizuri, mama. Ila hilo shimo liondoe. Daktari hakulichunguza."

"Homa iliyowaua hawa ndiko ilikotoka, bwanangu."

"Nawaona. Lakini hadithi ni ya ofisi. Ukilitaja tena, tunaifunga."

Kache alimwangalia Kitsao. Hadithi ikifungwa, mumewe hatakuwa na la kumleta. Tangu siku ile akahadithia habari za vifuu tu. Kitsao aliendelea kuja na kuitikia pamoja na wenzake, macho kayaelekeza kule shimoni.

Mvua zikanyesha, shimo likajaa, homa ikarudi. Asubuhi moja Nyamvula alifika bila mtungi, akavua viatu, akawaamkia waliomtangulia.

"Nisogezee, shoga."

"Na watoto?"

"Nimewaacha kwa mama."

Kache akamsogezea mkeka, akaanza tena na vifuu.