Ndege Aliyemwinamia Godeberthe

Siku korongo alipotoka kanisani na kumfuata Godeberthe barabarani, Georgette alikuwa ameketi safu ya mbele, akaona yote kwa macho yake. Hilo ndilo lililomtesa. Angesimuliwa tu, angesema watu wa Rubondo, kijiji chao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wana midomo mirefu, akaendelea kuchambua mboga zake. Lakini aliona.

Kanisa lilikuwa nguzo za miti na turubai juu, pande zote wazi. Mtumishi Ulrich, kijana mrefu asiyekosa viatu vyeupe hata siku za tope, alikuwa amelianzisha msimu wa mvua uliopita, na alikuja na yule korongo: ndege wa kijivu mwenye miguu mirefu, mashavu meupe na taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Mtumishi alisema hakumfuga. Alisema ndege alimjia mwenyewe porini, alipokuwa amefunga akiomba, na kwamba Mungu aliyewatuma kunguru kwa Eliya hajaishiwa ndege.

Wakati wa maombi korongo alizungukazunguka katikati ya waumini, akidonoadonoa chini kama kuku. Siku nyingi hakufanya lolote. Lakini ikitokea akasimama mbele ya mtu, akainamisha kichwa, akafungua mabawa na kurukaruka, nyimbo zilinyamaza. Mtumishi alisema hapo pana jambo lililofichwa.

Wa kwanza kusimamiwa alikuwa Anatole, fundi wa baiskeli. Aliambiwa aungame. Alisema hana la kuungama. Walimwombea, wakamkemea, wakamshika mabega, mpaka akaungama uongo wa kujitungia ili wamwache aende nyumbani. Tangu hapo watu walisukuma baiskeli zao mpaka mji mdogo wa Rwekubo kutengenezwa, ijapokuwa Anatole alikuwa pale pale na bisibisi zake.

Wa pili alikuwa Godeberthe, mjane wa Kirundi, Mkatoliki, ambaye hata mwumini wa pale hakuwa. Alikuwa anapita zake kwenda bombani na dumu lake, kajifunga shali yake ya rangi ya machungwa ambayo bintiye Larissa alimpa na ambayo hakuivua kwa jua wala kwa mvua. Korongo aliinua shingo, akawaacha waumini wote, akatoka mbio mpaka barabarani. Akasimama mbele ya yule mama. Akainama mara ya kwanza, akainama tena, akaruka na mabawa wazi. Godeberthe alisimama tuli akimtazama mpaka ndege alipochoka. Kisha akajitwisha dumu lake, akaenda.

"Siyo miye nasema," Mtumishi Ulrich alisema kwa sauti ya chini. "Ndege njo amesema, yeye mwenyewe."

Mama Bernardine, kiongozi wa kwaya, ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mwenyekiti, alifunga Biblia yake. "Kumbe mchawi tunakaa naye hapa. Tunakula naye."

Georgette aliona watu wakimgeukia yeye. Nyumba yake na ya Godeberthe zilitenganishwa na ua wa miti ya miyenzi tu. Walitwanga sombe, majani ya mihogo, katika kinu kimoja. Akiishiwa chumvi alipenyeza mkono uani, na mkono wa upande wa pili ukamletea.

Jioni ile bintiye Vanessa, aliyekuwa amerudi kukaa naye tangu mimba yake ilipoharibika, alimjia jikoni.

"Mama, unakumbuka ule uji?"

"Uji gani?"

"Ule Mama Larissa aliniletea. Nilikunywa, na kisha tumbo likaanza kuniluma."

"Uliugua kesho yake, Vanessa."

"Njo vile. Kesho yake."

Georgette aligeukia sufuria. Alikoroga ugali mpaka ukamshinda mkono. Alitaka kusema daktari alieleza sababu, lakini maneno ya daktari yalikuwa marefu na hakuyashika vizuri, na neno la ndege lilikuwa fupi. Usingizi ulimpaa. Akaanza kukumbuka vitu: mbuzi aliyekufa baada ya kuvuka ua, maharage yaliyooza mwaka ambao ya Godeberthe yalistawi. Shaka ni kama mchwa, ikishaingia kwenye boriti haiachi mpaka itokee upande wa pili.

Tangu hapo alichota maji bomba la mbali. Asubuhi Godeberthe alimwita kupitia ua, "Mama Vanessa, umeamkaje?" naye akajifanya anafukuza kuku. Godeberthe aliita hivyo siku kadhaa. Kisha akaacha.

Mambo yalizidi. Mtu alimwaga majivu mlangoni kwa Godeberthe. Watoto walikatazwa kupita kwake. Mama Bernardine alikwenda kumwambia, kwa upole wa kutisha, kwamba ingekuwa vema ahamie kwa bintiye, upande wa pili wa makazi. Hapo ndipo Georgette alikumbuka jambo dogo lililomkaa vibaya. Miezi michache nyuma, Mtumishi Ulrich alikuwa amemwomba Godeberthe kipande cha shamba lake kilichopakana na kanisa, apate kulipanua. Godeberthe alimjibu mbele ya watu: "Kanisa langu liko kule juu, na maharage yangu yako hapa." Watu walicheka. Mtumishi alicheka pia, lakini viatu vyake vyeupe viligeuka haraka.

Georgette alilisukuma wazo hilo pembeni. Kumshuku mtumishi wa Mungu ni dhambi, alijiambia. Kumshuku jirani ilikuwa rahisi zaidi, na wala hakujiuliza kwa nini.

Kazi yake ilikuwa kuuza vitenge. Alivinunua Mbarara sokoni, akaviuza makazini, na vile vizuri zaidi aliwapelekea wateja wake wa pale pale mjini. Mmoja wao alikuwa mke wa bwana mmoja Mnyankore, mwenyeji wa huko, aitwaye Gad, mfugaji aliyepeleka maziwa yake soko la Bwizibwera na kujenga nyumba yenye uwanja mpana wa majani pembeni mwa mji. Wiki hiyo Georgette alikwenda huko na furushi lake. Mke wa Gad hakuwa ametoka bado, Georgette akaanza kutandaza vitambaa juu ya majani: cha buluu, chekundu chenye maua, cha rangi ya machungwa.

Alisikia mchakacho nyuma ya zizi. Kabla hajageuka vizuri, korongo alikuwa mbele yake. Taji lile lile. Mashavu yale yale. Akainama.

"Yesu!" Georgette alipiga kelele akaanguka magotini. "Yesu wangu, nimefanya nini?"

Ndege akafungua mabawa, akaruka. Wa pili akatokea nyuma yake, naye akainama. Georgette alifunika uso kwa mikono. Yote aliyowahi kuficha yalimpanda kooni kwa pamoja, na angeungama kila kitu pale pale kama asingesikia mtu akicheka.

"Nyabo, mama, inuka!" Gad alikuwa anakuja akijifuta mikono. "Hii ndege haikuli mutu."

"Wananisimamia! Nimekosa nini?"

"Wewe? Hapana. Wanasimamia hii kitambaa." Aliokota kile cha rangi ya machungwa, akakipeperusha. Korongo wote wawili wakamfuata wakirukaruka. "Bibi yangu iko na aproni ya hii rangi. Ndiye anawapa mahindi tangu walikuwa vitoto. Sasa wakiona hii rangi, wanafikiri chakula imefika. Wanadansi."

Georgette hakuamini. Alidhani Gad anamtania, au anamficha. Akachukua kile chekundu, akakipeperusha. Ndege wakamtazama kama watu wanaosubiri basi jingine. Akachukua cha buluu. Hawakutikisika. Akachukua cha machungwa, na kabla hajakikunjua chote, shingo ziliinama.

"Walikuwa watatu," Gad aliendelea. "Moja nilipatia pasita wa kule kwenu Nakivale. Alikuja kununua ng'ombe ya sherehe, akaona hii dansi, akapenda sana. Kijana mrefu. Anavaa viatu nyeupe." Kisha akashusha sauti. "Lakini nyabo, usitangaze. Hii ni ndege ya bendera ya taifa, serikali haitaki tuweke nyumbani."

Georgette alikaa pale kwenye majani mpaka mke wa Gad alipotoka na kumuuliza kama anaumwa. Aliuza chekundu na buluu. Cha machungwa alikataa kukiuza.

Njiani kurudi alimkumbuka Anatole, na jezi ya mpira aliyoivaa siku ile ya kusimamiwa, aliyokuwa akijivunia kwa kuwa aliletewa na shemeji yake. Rangi ya machungwa, mgongoni imepauka.

Hakumwambia mtu yeyote. Nani angemsikiliza, mwuza vitenge dhidi ya mtu aliyetumiwa ndege na Mungu? Na ndani yake mlikuwa na sauti nyingine iliyokataa kunyamaza: je, rangi imeeleza ndege, lakini imeeleza mimba ya Vanessa?

Ibada iliyofuata ilikuwa mchana wa Ijumaa. Alikwenda na kitambaa kikiwa ndani ya mkoba. Alisubiri mpaka korongo alipofika upande wa mbali kabisa, karibu na wanaume. Kisha akakitoa na kujitanda mabegani.

Korongo aliinua shingo. Akaja moja kwa moja, akivuka magoti ya watu. Akamwinamia Georgette.

Alikuwa amejiandaa kusema. Alikuwa hata amepanga maneno. Lakini kelele iliyozuka ilimfunga kinywa. "Na yeye! Na yeye!" Watu walimkimbia kama amemwagiwa mafuta ya taa. Vanessa alikuwa amesimama, mkono mdomoni, akimtazama mama yake kwa macho ambayo Georgette hakuwahi kuyaona.

"Muliona?" Mtumishi Ulrich alisema. "Wanakaa ua mmoja. Nani hakujua?"

"Ni kitambaa!" Georgette alipaza sauti. "Mutazame kitambaa!"

Neno hilo lilisikika vingine. Mama Bernardine aliruka, akamvua kile kitambaa kwa nguvu. "Kumbe njo iko na dawa! Tuichome!" Alianza kukimbia nacho kuelekea nje, na korongo akamfuata. Akasimama, ndege akasimama. Akageuka, na ndege, mbele ya kanisa zima, akamwinamia Mama Bernardine, kiongozi wa kwaya, akaruka na mabawa wazi.

Bernardine alitoa mlio mdogo kama wa mtoto, akakitupa kitambaa bila kuangalia kinakokwenda. Kiliangukia ngoma ya kwaya, kikaifunika. Korongo akaiendea ngoma. Akaiinamia ngoma. Akaichezea ngoma kwa heshima zote, akirudi nyuma na kwenda mbele, akisubiri mahindi.

Kicheko kilianzia nyuma. Kisha sauti ya Anatole, iliyokwama kwanza, halafu ikapasuka: "Jezi yangu! Ndugu zangu, jezi yangu!"

Hapo Georgette akapata kusema, akaeleza yote ila jina la Gad. Mtumishi Ulrich hakukasirika. Hilo lilimshangaza. Alitabasamu, akasema Mungu akitaka anaweza kutumia hata kitambaa, na wapo walioitikia amina. Wengine waliondoka, wengine wakabaki mpaka mwisho wa ibada, na katika waliobaki alikuwamo Mama Bernardine, ameinamisha uso, anaimba. Baada ya muda mfupi Mtumishi hakuonekana tena Rubondo. Wakasema amepata kundi lingine kambi ya mbali. Korongo hakuondoka naye.

Georgette alikwenda kwa Godeberthe kwa kupitia barabarani, siyo uani, kama mgeni. Alimkuta amekaa mkekani anapukuchua maharage. Mlangoni palikuwa na mizigo iliyokwisha kufungwa.

"Hodi, Mama Larissa."

"Karibu. Kaa."

Georgette alikaa. Aliomba msamaha, vibaya, kwa kurudia maneno. Alieleza habari za Mbarara, aproni, mahindi, rangi. "Ilikuwa shali yako tu. Hakuna kitu ingine. Ile ndege haikukushitaki. Ilikuwa na njaa."

Godeberthe aliendelea kupukuchua. "Na kama hakuna mtu aliyemfundisha?" aliuliza. "Kama angetoka porini kweli, akanisimamia. Leo ungekuja hapa?"

Georgette alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo. Alijiona tena jikoni, mwiko mkononi, akihesabu mbuzi na maharage.

"Sijui," alisema.

"Basi angalau hukunidanganya." Godeberthe aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Mume wangu Rénovat alikufa wakati tunakimbia. Nilimwacha chini ya miti, sikumzika, sikumuaga. Siku ile barabarani, yule ndege aliponiinamia, sikuogopa. Nilijua ni yeye. Nilimwambia moyoni, Rénovat, umechelewa sana. Nyinyi mlikuwa mnaniita mchawi, na mimi nilikuwa na furaha. Hata majivu mlangoni niliyafagia nikiimba."

Georgette aliokota ganda moja la maharage, akalikunja vidoleni.

"Sasa umenieleza ni mahindi," Godeberthe alisema. "Umefanya vizuri. Jina langu limesafishwa. Larissa amesema nisihame, na nitafungua hii mizigo." Aliuchukua tena ungo, akaupepeta, maganda yakaruka na upepo kuelekea barabarani. Georgette akafikiri ameruhusiwa kuondoka, akaanza kujiinua.

"Mama Vanessa."

"Ndiyo, dada."

"Yule ndege, siku hizi analala wapi?"

"Banasema kule kwenye majimaji, upande wa ziwa. Asubuhi anaonekana."

Godeberthe aliitikia kwa kichwa, akavuta shali yake ya machungwa juu ya mabega, akaendelea na maharage.